Tulikuja Kuona Mtoto, Mama Hakuna Aliyemwona



Leo sitaandika juu ya kutafuta kazi wala juu ya bursi. Nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu, zaidi sisi wanaume, tunakiita "mambo ya wamama": afya ya mama mzazi kisha kuzaa. Nitaanza na yaliyotufikia nyumbani, huko Kadutu, juu bila ile siku nisingejua hata neno moja kati ya haya nitakayowaeleza.

Dada yangu mkubwa alizaa mtoto wake wa pili katika sentre moja ya afya hapa Bukavu. Alizaa usiku, vizuri, bila kupasuliwa. Mtoto msichana, kilo tatu na kidogo. Tulifurahi sana. Kesho yake wakatuletea faktire, na shemeji yangu hakuwa na pesa za kutosha. Basi dada akabaki pale siku nne. Hakuwa mgonjwa, alibaki juu ya deni. Sisi tukazunguka mji mzima: huku kwa wajomba, huku kwa wenzetu wa likelemba.

Siku ya tano tulilipa, akatoka. Wageni wakaanza kuja kuona mtoto. Mnajua vile inakuwaga kwetu: huyu na sabuni, yule na kikwembe, mwingine na sukari. Kila mtu anamfunua mtoto, anamtazama uso: "Huyu ni baba yake kabisa!" Dada amekaa pembeni, anatabasamu. Jioni aliniita pole pole: "Ndugu yangu, kichwa inaniluma sana." Nikaenda farmasi, nikamletea paracetamol. Nikamwambia: "Ni uchovu, dada, haujalala." Mimi huyu, mwenye lisansi yangu ukutani.

Asubuhi akasema anaona kama nyota-nyota mbele ya macho. Uso wake ulikuwa umevimba. Shangazi akasema: "Mama muzazi anavimbaga, musiogope." Nikampa kidonge kingine.

Usiku huo, saa nane, mwili wake wote ulianza kukakamaa na kutikisika. Macho yamegeuka, ulimi ameung'ata mpaka damu. Nyumba ikajaa kelele. Mmoja alisema ni palu imepanda kichwani. Mwingine alisema ni pepo, waite mchungaji. Jirani akanong'ona kwamba kuna mtu mwenye wivu na huyo mtoto. Kijana mmoja wa parcelle ya jirani, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa kwenye stage, ndiye aliuliza swali moja tu: "Alizala lini?" Tukamjibu: iko siku sita. Akasema: "Tumubebe sasa hivi. Tusingoje asubuhi."

Wenye kujua Kadutu wanajua kwamba kuna nyumba ambazo gari haifiki. Tulimbeba mgongoni kwa zamu, kwenye ngazi za udongo, kwa mwangaza wa simu, mpaka barabarani. Hospitalini wakampima tansio: 18 juu ya 11. Wakamchoma sindano ya sulfati ya magnezi ili kusimamisha ule mtikisiko, na dawa ya kushusha tansio. Aliamka kesho yake jioni, swali lake la kwanza likawa: "Mutoto amekula?"

Leo dada yuko hai. Mtoto anakimbia nyumbani na kuvunja vikombe. Lakini kuna swali la yule daktari ambalo halijanitoka kichwani: "Alikuwa kwenye sentre siku nne. Nani alimupima tansio?"

Hakuna. Mlango ulilindwa asitoke na deni, na hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha tansio mkononi hata mara moja. Na sisi nyumbani tulimlinda mtoto na baridi. Wote tulikuja kuona mtoto. Mama hakuna aliyemwona.

JINA LINALOTUDANGANYA

Ule ugonjwa kwa Kiswahili unaitwa kifafa cha mimba. Jina lenyewe linadanganya: mtu anafikiri mimba ikiisha, hatari nayo imeisha. Sivyo. Kinaweza kuja kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa, au baadaye, hata ndani ya zile wiki 6 za kwanza. Tena tansio ya mama mara nyingi inapanda juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 kisha kuzaa. Yaani siku zile zile ambapo ameshafika nyumbani, wageni wamejaa, na hakuna mwenye kipimo.

Dalili zake dada alizitaja zote, moja moja: kichwa kuuma bila kupoa, kuona nyota-nyota au ukungu, uso na mikono kuvimba. Wengine wanaumwa pia juu ya tumbo, chini ya mbavu za kuume. Tulizisikia kwa masikio yetu. Tulikosa tu mtu wa kutufundisha maana yake.

NI KIPINDI GANI CHA HATARI?

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipotoa maagizo mapya mwaka 2022, lilikumbusha kwamba siku za kwanza kisha kuzaa ndicho kipindi ambamo vifo vingi vya mama na vya watoto wachanga vinatokea, na kwamba zaidi ya 3 kati ya 10 hawapati uangalizi wowote katika kipindi hicho. Kwetu Kongo, uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulihesabu vifo 846 vya mama kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa hai. Msome tena ile namba.

Sisi tunajua CPN, ile ya mama mwenye mimba. Kila mama ana fishi yake. Tunajua pia CPS, ile ya kupima kilo za mtoto na chanjo. Katikati yake kuna nyingine, CPoN, ukaguzi kisha kuzaa. Hiyo njo tunaruka. OMS inasema mama na mtoto waonwe angalau mara nne:

1. Ndani ya saa 24 za kwanza. Aliyezaa kwenye sentre abaki pale saa 24 angalau. Aliyezaa nyumbani aonwe haraka iwezekanavyo, kabla ya hizo saa kwisha.
2. Kati ya saa 48 na saa 72, yaani siku ya 2 mpaka ya 3.
3. Kati ya siku ya 7 na ya 14.
4. Katika wiki ya 6.

Mara nne tu. Tukilinganisha na mara ambazo tunarudi kwenye sekretariati ya universite kutafuta relevé moja ya pointi, ni kidogo sana.

WANAMTAZAMA NINI MAMA?

Kwanza damu. Kutoka damu nyingi ni kati ya vitu vinavyoua mama wengi zaidi duniani, na kunaua kwa haraka, hata kwa saa chache. Kisha mtoto na kondo la nyuma kutoka, kizazi kinapaswa kujikaza kiwe kigumu kama ngumi. Kikibaki laini, ile mishipa iliyofunguka inaendelea kumwaga. Njo maana mama mzalishaji anakandamiza tumbo la mzazi kila wakati, na njo maana anachoma oksitosini mara mtoto anapotoka. Wamama wengi wanafikiri anawatesa bure. Anapima kama kizazi kimekaza. Kutoka damu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ni kawaida, inaanza nyekundu, halafu inageuka hudhurungi, halafu nyeupe-nyeupe. Kulowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja si kawaida.

Pili tansio, na sasa mnajua kwa nini. 14 juu ya 9 kwenda juu, mama huyo anahitaji kufuatiliwa. 16 juu ya 11, ni haraka.

Tatu joto. Homa ya 38 kwenda juu kwa mama mzazi tusiite palu bila kupima. Inaweza kuwa ni uchafu umeingia kwenye kizazi, zaidi kama kuna harufu mbaya na tumbo linauma chini. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha waganga kunawa mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kugusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Wenzake wengi walimcheka. Mikono safi bado ni dawa ya kwanza leo, hata kwa ile shangazi anayekuja kumkanda mama.

Nne matiti, kidonda kama alichanika au alipasuliwa, na mkojo. Mkojo ukianza kuvuja wenyewe kisha uchungu wa muda mrefu, inaweza kuwa ni fistula, tundu ambalo kichwa cha mtoto kiliacha kwa kukandamiza nyama siku nzima. Mama asijifiche nyumbani kwa haya. Inatengenezwa, na hapa hapa Bukavu: Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kazi hiyo.

Tano damu ya mwilini. Mama aliyepoteza damu anapewa vidonge vya feri na asidi foliki kwa wiki 6 mpaka 12. Sombe, maharagi, ndagala na mayai vinasaidia. Kumnyima mama mzazi chakula fulani kwa sababu ya mila kunamkausha tu.

Sita roho yake. Hapa tunakosea sana. Siku ya 3 mpaka ya 5 mama wengi wanalia bila sababu, na ndani ya wiki 2 inapita. Lakini akiendelea kuhuzunika, halali hata mtoto akilala, hataki kumgusa mtoto, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Tusiseme "anajivuna" ao "hapendi mutoto". Ana haki ya kuonwa na muganga.

NA MTOTO?

Mtoto apewe titi ndani ya saa moja ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, ambayo wakoko wengine wanayakamua na kutupa wakisema ni machafu, ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kisha hapo, titi peke yake mpaka miezi 6: hakuna maji, hakuna uji, hakuna dawa ya majani ya tumbo. Kuanzia hapo chakula kinaongezeka, na titi linaendelea mpaka miaka 2 ao zaidi.

Asiogeshwe katika saa 24 za kwanza, juu baridi inamwingia haraka. Aliyezaliwa na kilo kidogo afungwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo inaitwa ya kanguru. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey Sanabria alikosa mashine za joto za kutosha. Wale waliokosa mashine walifundisha dunia yote.

Kitovu kibaki kikavu na safi. Tusitie majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya moto ao dawa ya meno. Pepopunda inaingia pale. Na chanjo: BCG na matone ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

DALILI ZA KUKIMBIZA HOSPITALI

Hii sehemu ningependa muikopie, muitume kwenye grupu za familia.

Kwa mama: damu nyingi, kichwa kinachouma sana ao kuona nyota-nyota, mtikisiko ao kuzimia, homa, harufu mbaya inayotoka chini, tumbo kuuma sana, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, mawazo ya kujidhuru ao ya kudhuru mtoto.

Kwa mtoto: hataki kunyonya, anapumua mbio, mara 60 ao zaidi kwa dakika, ao kifua kinazama, ana moto sana ao ni baridi, anatikisika, amelegea, ngozi ni ya manjano katika siku ya kwanza, ao manjano imefika viganja na nyayo, kitovu ni chekundu ao kina usaha.

Moja tu kati ya hizo inatosha. Tusingoje ya pili.

KWA NINI MAMA HARUDI?

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya mama kwa njia ya ucheleweshaji tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa kisha kufika. Niliposoma hayo, nilikuwa kama nasoma hadithi ya nyumbani kwetu. Wa kwanza ulikuwa mimi, na paracetamol yangu. Wa pili ulikuwa zile ngazi za Kadutu. Wa tatu ulikuja kabla ya ile mbili, kule sentre, siku nne bila kipimo.

Na nyuma ya yote kuna pesa. Mama aliyezuiliwa juu ya faktire hatapenda kurudi siku ya 7 mahali alipoaibishwa. Ataona kila ukaguzi ni faktire nyingine. Serikali ilizindua mpango wa kuzaa bila malipo, ukaanzia Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023. Kila mmoja aulize kwenye zone yake ya afya kama umefika kwao, na unafunika nini. Pale haujafika, familia ianze kuweka pesa toka CPN ya kwanza, hata franka 1.000 kwa juma. Wamama wa likelemba wanajua kufanya hivyo kuliko sisi wenye diploma ya ekonomi.

SISI WASOMI TUFANYE NINI?

Hatuhitaji kuwa waganga. Nimejipa mambo manne, nawaletea mjadili.

Kwanza, kila mara ninaposikia mtu wa familia amezaa, nauliza maswali mawili kabla ya kuuliza jina la mtoto: "Mama anaendelea aje? Wamemupima tansio?" Mwanzoni walinicheka. Sasa shangazi yule yule wa "anavimbaga" ndiye anauliza wa kwanza.

Pili, tuwasindikize. Mume anaenda kwenye ubatizo na suti. Aende pia kwenye CPoN ya siku ya 7, abebe mtoto na parapluie. Pale watamweleza pia juu ya kupanga uzazi: inafaa kungoja angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba tu kama mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya titi peke yake mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Moja likikosekana, watafute njia nyingine.

Tatu, tutumie ile siku ya chanjo. Wiki ya 6 mama wengi wanaleta mtoto achomwe sindano. Mama amesimama pale pale mbele ya muganga, na anarudi bila kuguswa. Aseme tu: "Na mimi munipime." Ni haki yake.

Nne, wenzetu waliomaliza ISTM ao fakulte ya udaktari, tafadhali, tokeni na wale RECO wa avenue zenu. Saa moja tu katika kanisa, musikiti ao kikundi cha wamama, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, bila maneno makubwa. Kijana aliyeokoa dada yangu hakuwa na diploma bado. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza saa nane ya usiku.

Sijui kama nitalipa lile deni langu la vidonge viwili. Dada anacheka nikimtajia, anasema: "Ungejua wapi, ndugu yangu?" Ni kweli, sikujua. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa, sasa unajua.

Nauliza: kwenye familia yenu, mara ya mwisho mtu alipozaa, nani alimtazama mama? Tuambiane hapa chini, bila kutaja majina.

Mungu awalinde wamama wetu.